Namba ya kupiga kwenye beisiboli inambadilisha kweli mpigaji? Mwongozo kamili kwa makocha wa mtaani

Kuna dogo mmoja wa Chikongola, mrefu, mikono ya mvuvi, tangu tuanze mazoezi huku Shangani, Mtwara, ye ndo alikuwa namba nne wetu kwenye kupiga, yaani wa nne kwenye foleni ya wapigaji tisa. Akapitia mechi nne mbaya, zamu 14 za kupiga kaingia besi (kafika kituo salama) mara mbili tu, mi nikamshusha mpaka namba nane bila kumwambia neno, akaja uwanjani akakuta jina lake liko huko chini kwenye karatasi. Hakusema kitu. Akacheza, akamaliza, akaondoka kashika viatu mkononi. Usiku mama yake akanipigia, "Mwalimu, mwanangu kakukosea nini, ugali kaacha nusu kaenda kulala."

Iliniuma sana. Nikachukua daftari la msimu mzima nikakaa nalo mpaka saa sita usiku nahesabu, na siku zilivyosogea nikaendelea kuhesabu, na nilichokikuta ndo kimenifanya niandike haya. Alipokuwa namba nne alipiga zamu 52, kaingia besi mara 17, yaani 0.327, na hapo zile mechi nne mbaya zimo ndani. Baada ya kumshusha namba nane, mechi kumi, zamu 31, kaingia mara 10, hiyo ni 0.323. Mtu yule yule! Kilichobadilika ni kwamba kule namba nne aliwaingiza wenzake nyumbani, yaani pigo lake likawafanya wafunge pointi, mara 14 na huku namba nane mara 5, ndo maana kila mtu pale uwanjani, na mimi nikiwemo, alikuwa anaona dogo kaisha.

Kwa hiyo kama una timu ya shule, ya mtaa, au unataka tu kuelewa kwa nini kocha wa timu kubwa kampanga fulani wa kwanza na fulani wa sita, fuata hatua hizi. Unahitaji daftari, kalamu na simu yenye kikokotoo, basi.

Maneno kwanza ili tuende pamoja

Besi ni vituo vinne vya kukimbilia, cha nne ndo nyumbani, na mkimbiaji akirudi nyumbani timu inapata pointi. Pigo ni mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji besi salama. Ngwe ni kile kipindi timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, yaani auti tatu. Mechi kubwa ina ngwe 9, sisi tunacheza 7 maana jua la jioni halitungoji. Zamu ni mpigaji kwenda kusimama na rungu mbele ya mrushaji mara moja. Besi ya bure ni pale mrushaji anaporusha mipira minne mibovu na mpigaji haizungushii rungu, anatembea zake mpaka besi ya kwanza. Wapigaji ni 9, mpangilio ukishaandikwa haubadiliki mechi nzima, na ngwe mpya inaanzia pale ya mwisho ilipoishia, haianzi upya kwa namba moja. Hili la mwisho wengi linawachanganya na ndo moyo wa habari yote.

Hatua ya 1: Hesabu kila namba inapata zamu ngapi

Hapa ndipo namba inapobadilisha mambo kwa uhakika kabisa, hakuna ubishi. Mechi yetu ya ngwe 7 ina auti 21. Timu ambayo watu wake wanaingia besi mara moja kwa kila zamu tatu itapiga zamu kama 31. Gawa kwa tisa: kila mtu anapata 3, zinabaki 4, na hizo nne wanazichukua namba moja mpaka nne. Mechi haiishii hapo hapo kila siku, leo inaishia kwa namba mbili, kesho kwa namba saba, ukichukua wastani kila hatua moja ya kushuka inamnyima mtu zamu moja kwa kila mechi tisa hivi. Ligi kuu ya Marekani wana mechi 162 kwa msimu, gawa kwa tisa unapata 18, kwa hiyo kushuka namba moja ni zamu 18 zimeondoka, na kati ya wa kwanza na wa tisa ni zamu kama 144. Hiyo ni tofauti kubwa mno.

Ichiro Suzuki wa ligi hiyo hiyo alipoweka rekodi ya mapigo 262 msimu wa 2004 alikuwa anaanza wa kwanza, na zamu zake zilipita 750. Mkono wake ndo uliopiga, hilo halina mjadala, ila umuweke namba nane mkono huo huo na rekodi inakuwa ngumu mno maana zamu hazitoshi.

Kwa hiyo mtu akikwambia "fulani kapiga mapigo mengi kuliko fulani" swali lako la kwanza liwe, kwa zamu ngapi?

Hatua ya 2: Andika kila zamu, sio matokeo ya mechi tu

Watu wengi wanaandika timu imepata pointi ngapi na nani kapiga homurani (pigo la mpira kutoka nje ya uwanja, mpigaji anazunguka besi zote), yanaishia hapo. Haitoshi. Chora mistari kwenye daftari uwe na sehemu saba: tarehe, jina, namba yake ya siku hiyo, ngwe ya ngapi, auti ngapi zilishapatikana alipoingia, nani yuko besi zipi, na kilichotokea. Mstari wangu mmoja unasoma hivi: "Jmosi, Mrefu, 4, ngwe ya 3, auti 1, watu besi 1 na 2, kapiga besi mbili, wameingia wawili." Ukizoea ni sekunde kumi.

Kama huwezi kuandika na kufundisha kwa wakati mmoja mpe mmoja wa wanaokaa benchi, sisi anaandika binti mmoja wa kidato cha pili, mwandiko mzuri na haachi kitu, kuna siku alinigombeza kwa kumuuliza maswali ngwe ikiendelea.

Na pembeni andika chochote kilichobadilika siku ile. Hii nilijifunza kwa gharama. Rungu letu la kwanza tulichongewa na fundi wa vinyago, tukataka la mpingo maana tuliona ndo mti wa heshima, likaja zito kama nondo, watoto wanachelewa kuzungusha mpira umeshapita. La pili likachongwa kwa mti mwepesi, na wiki ile ile nilikuwa nimebadilisha mpangilio, wapigaji wote wakapanda, nikajisifu kwamba mpangilio umefanya kazi! Kumbe rungu. Upepo nao uandike, kusi ikichachamaa uwanja wetu unarudisha kila mpira unaopaa, siku hiyo usimhukumu mtu anayepiga mipira ya juu.

Hatua ya 3: Piga hesabu mbili kwa kila mchezaji

Ya kwanza ni kuingia besi: mara alizofika besi kwa pigo, kwa besi ya bure au kwa kugongwa na mpira, gawa kwa zamu zake zote. Alizofika kwa sababu mpinzani kadondosha mpira usizihesabu, hiyo ni zawadi ya mpinzani.

Ya pili ni uzito wa mapigo, maana pigo la besi moja na homurani sio kitu kimoja. Wachambuzi wa mchezo huu wameshapima kila tukio linaisaidia timu kiasi gani kwa wastani, ukikadiria unapata hivi: besi ya bure 0.7, pigo la besi moja 0.9, besi mbili 1.25, besi tatu 1.6, homurani 2. Zidisha, jumlisha, gawa kwa zamu.

Chukua wachezaji wawili wenye zamu 40 kila mmoja. Wa kwanza ana mapigo 8 ya besi moja, 1 la besi mbili, na besi za bure 3. Kuingia besi ni 12 kwa 40, 0.300. Uzito ni 7.2 na 1.25 na 2.1, jumla 10.55, gawa kwa 40 unapata 0.264. Wa pili ana mapigo 5 ya besi moja, 3 ya besi mbili, homurani 1 na besi ya bure 1. Kuingia besi 10 kwa 40, 0.250. Uzito 4.5 na 3.75 na 2 na 0.7, jumla 10.95, unapata 0.274. Umeona? Wa kwanza anaingia zaidi, wa pili akigusa anaumiza zaidi. Kwa uzuri wa jumla wanakaribiana kabisa ila kazi zao tofauti, na kazi ndo inampa mtu namba.

Hatua ya 4: Mlinganishe mtu na yeye mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata wachambuzi wa kwenye tivii. Ukichukua wapigaji wote wa namba tatu na nne ukawalinganisha na wa namba nane na tisa utakuta wa juu wanapiga vizuri zaidi, halafu mtu anahitimisha kwamba kukaa juu kunamfanya mtu apige vizuri. Hapana jamani. Wako juu KWA SABABU wanapiga vizuri, kocha ndo kawaweka pale.

Ni sawa na mtu ana shamba la mikorosho kule Tandahimba, anaona miti ya karibu na nyumba inazaa kuliko ya mbali, anasema udongo wa karibu na nyumba ndo mzuri. Sasa muulize, salfa, ile dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga, unaanza kupulizia wapi? Karibu na nyumba. Palizi unaanzia wapi? Karibu na nyumba. Basi hujui kama ni udongo au ni mkono wako.

Kwa hiyo chukua mchezaji mmoja aliyewahi kupiga namba mbili tofauti, weka zamu zake za namba nne upande huu na za namba nane upande ule, piga zile hesabu mbili. Fanya hivyo kwa kila uliyewahi kumhamisha. Mi nimefanya kwa wachezaji sita, tofauti zikawa ndogo na haziendi upande mmoja, wawili walipanda kidogo walipopelekwa juu, wawili walishuka, wawili walibaki pale pale.

Hatua ya 5: Jua bahati ina ukubwa gani kabla hujaamua

Hii ndo hatua ningetamani mtu angenifundisha kabla sijamshusha yule dogo.

Mchezaji ambaye uwezo wake halisi ni kuingia besi mara moja kwa tatu, 0.333, ukimpa zamu 50 tu, bahati peke yake inaweza kumpeleka popote kati ya 0.267 na 0.400 na bado ni yule yule, na mara moja kwa kila mara tatu hivi atatoka hata nje ya hapo. Zamu 200 nafasi ya bahati inapungua, inakuwa 0.033 juu au chini. Zamu 600, ambazo mchezaji wa ligi kubwa anazipata msimu mzima, bado kuna 0.019 kila upande. Sasa mi nilikuwa namhukumu mtoto kwa zamu 14! Kumi na nne. Mechi nne. Hapo hakuna kitu nilichokuwa nakijua, nilikuwa najidanganya tu.

Na kuna mtego mwingine umejificha hapo hapo. Kocha huwa anamshusha mtu lini? Akiwa kwenye hali mbaya kabisa. Na mtu akiwa kwenye hali mbaya kuliko kawaida yake, mara nyingi kinachofuata ni kurudi kwenye kawaida yake, umhamishe usimhamishe. Kwa hiyo unamshusha, anapona, unasema "mnaona, presha imempungua." Angepona hata pale juu. Vivyo hivyo anayepandishwa juu akiwa moto kisha akapoa, watu wanasema kaogopa namba, hakuogopa chochote, karudi alipokuwa siku zote.

Sheria yangu sasa: chini ya zamu 50 simhamishi mtu kwa sababu ya hesabu. Namhamisha kama nimeona kitu kwa macho, mfano anachelewesha bega au kaumia kifundo cha mkono.

Hatua ya 6: Elewa kila namba inakutana na hali gani

Namba moja, zamu yake ya kwanza ya mechi lazima akute besi tupu. Tena wanaomtangulia ni wa chini, wanaoingia besi mara chache. Kwa hiyo hata awe na nguvu za kiboko hataingiza wenzake wengi kama namba nne. Ndo maana Mookie Betts wa Los Angeles Dodgers alipoingiza pointi zaidi ya 100 akiwa namba moja mwaka 2023 ikawa rekodi, kwa namba nne mzuri idadi hiyo ni jambo la kawaida. Usimlaumu namba moja kwa hilo na usimsifu namba nne kupita kiasi kwa lile lile, maana aliyepanda mkorosho na aliyeokota korosho ni watu wawili.

Namba tatu ana tatizo ambalo watu hawalioni: akiingia ngwe ya kwanza mara nyingi anakuta auti mbili na besi tupu, maana wawili wa mwanzo wakitolewa ye ndo anafuata. Kwa hiyo ile imani ya zamani kwamba bora kuliko wote akae tatu ina walakini, ingawa ina heshima yake, New York Yankees walipovaa namba mgongoni mwaka 1929 waligawa kwa mpangilio wa kupiga, Babe Ruth akapata 3 kwa sababu alipiga wa tatu na Lou Gehrig 4 kwa sababu alimfuata.

Halafu kuna hili la "ulinzi", kwamba ukiwa na mpigaji hatari nyuma yako mrushaji atalazimika kukurushia mipira mizuri na we utapiga zaidi. Roger Maris mwaka 1961 alipiga homurani 61 na hakupewa besi ya bure ya makusudi hata moja msimu mzima, nyuma yake mara nyingi alikuwa Mickey Mantle, nani atampa mtu besi bure ili akutane na Mantle? Upande wa pili Barry Bonds mwaka 2004 alipewa besi za bure 232, kati ya hizo 120 za makusudi kabisa, warushaji walikataa kucheza naye. Hapo mazingira yamebadilisha jinsi mtu anavyorushiwa, hiyo ni kweli. Ila wachambuzi walipopima mtu yule yule akiwa na mlinzi na bila mlinzi, ubora wa kupiga haukubadilika sana, kinachobadilika zaidi ni hizo besi za bure. Kwenye timu zetu za huku warushaji wenyewe wanahangaika kuupitisha mpira katikati, hili halina uzito, pita.

Na kitu kimoja cha kweli: mrushaji akikutana na mpigaji yule yule mara ya tatu kwenye mechi moja huwa anapigwa zaidi, kachoka na kashasomwa. Walio juu ndo wanaomfikia wa kwanza mara hiyo ya tatu.

Hatua ya 7: Panga sasa

Watatu wako bora waende namba 1, 2 na 4. Kati yao wenye kuingia besi zaidi wakae 1 na 2, mwenye uzito zaidi akae 4. Wa nne na wa tano kwa ubora wakae 3 na 5. Waliobaki kuanzia wa sita shuka nao kwa ubora mpaka tisa. Kwisha.

Mbio? Ni nzuri ila sio kigezo cha kwanza, mwenye mbio asiyefika besi anakimbilia wapi? Rickey Henderson alikuwa namba moja wa mfano, kaiba besi (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) 1,406 katika maisha yake ya mchezo, ila kilichomfanya awe mkubwa ni kwamba alikuwa anafika besi kwanza ndipo anaiba. Kyle Schwarber wa Philadelphia Phillies hana mbio, mwaka 2023 wastani wake wa mapigo, ambao hauhesabu besi za bure, ulikuwa 0.197 tu, aibu ukiusoma peke yake, lakini mara nyingi alianza namba moja, akapata besi za bure 126 na homurani 47. Na Shohei Ohtani mwaka 2024, mwenzake wa Dodgers Betts alipovunjika mkono mwezi wa sita akapelekwa namba moja, akamaliza msimu na homurani 54 na besi 59 za kuiba. Wapo wanaosema namba moja ndo imemfanya hivyo. Mi nasema Ohtani angempiga mrushaji hata umuweke wapi, namba moja imempa zamu zaidi za kufanya hivyo.

Ila usikeshe kwa hili. Hata timu kubwa, tofauti ya mpangilio wa kawaida na ule bora kabisa ni pointi kama 5 mpaka 15 kwa mechi 162, na pointi 10 ni sawa na ushindi mmoja hivi. Kumfundisha mtoto asikimbilie mpira mbovu kunalipa kuliko kupanga upya majina.

Hatua ya 8: Ukitaka kujaribu, jaribu kwa kura

Chukua wachezaji wawili wa kiwango kimoja, kabla ya kila mechi ya mazoezi kunja vikaratasi viwili, mmoja aokote, ndo namba yake leo. Fanya mechi 20. Kura haijui nani yuko moto wala nani kapoa, kwa hiyo ule mtego wa hatua ya 5 haupo. Zamu zitakuwa 30 na kitu kwa kila mchezaji kwenye kila namba, bado chache, unganisha na za msimu ujao.

Hatua ya 9: Mwambie mtu kabla hajasoma karatasi

Kichwa cha mchezaji nacho kipo. Mtoto anayeamini kashushwa cheo anaingia uwanjani anataka kulipiza kwa pigo moja, anazungusha rungu kwa kila mpira, na hapo sasa namba itakuwa imemharibu kweli, ila umemharibu wewe kwa kunyamaza. Mkalishe pembeni, muoneshe daftari, mwambie kazi yake ni ipi leo.

Mi nilienda mpaka Chikongola, nikakaa na dogo barazani kwao na mama yake akiwa pale anamenya ming'oko, nikafungua daftari, nikamuonesha 0.327 na 0.323. Akaziangalia muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo kocha, sikuwa nimeharibika?" Nikamwambia hapana mwanangu, nilikosea mimi. Mama yake akasukuma sahani ya ming'oko upande wangu.

Jumamosi wanakuja vijana wa Lindi. Ukiangalia kuingia besi ye ni wa tatu kwenye timu, uzito ni wa kwanza. Karatasi nimeshaandika, namba nne, na nimempigia simu jana kumwambia.